Nati Iliyopakwa Rangi ya Fedha

Tangu saa tatu asubuhi Fanny alikuwa amelala chali chini ya gari jeupe la Papa Théodore, na ile nati ndogo ya bomba la breki, gurudumu la nyuma upande wa kuume, ilikuwa bado haijamsemesha. Miaka kumi na miwili ya ufundi gerejini, mtaa wa Rwambuzi, ilimfundisha kwamba kutu ina sauti yake. Ukiikaza nati kidogo kabla ya kuilegeza, kutu hulia mara moja, kavu, na hapo unajua imekubali. Hii haikulia. Ilijipinda kama mpira ikarudi mahali pake, na bomba likajipinda pamoja nayo.

Hilo la bomba ndilo lililomtia baridi. Silinda mpya ya breki, ambayo haingeingia bila nati hiyo kufunguka, walikwisha kuinunua dukani kwa Rachidi. Lakini bomba la gari la zamani namna ile halikupatikana Bunia nzima. Likikatika, wangengoja lingine litoke Kampala wiki ijayo. Na kesho yake, Jumamosi, Mama Joséphine, mke wa Théodore, alitakiwa awe Mahagi kumaliza matanga ya mama yake mzazi. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Asipovua nguo nyeusi yeye kwanza, wadogo zake wote wangebaki nazo.

Papa Théodore, shemasi wa kanisa lao, alisimama mbele ya gari akiomba kwa sauti ya chini, mkono juu ya boneti. Fanny alipotaka kitambaa au brashi, mzee alisema amina kwanza, ndipo akaleta. Fanny naye alikuwa mtu wa sala; jambo hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni nati. Alikuwa ameipiga brashi ya chuma, akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja nusu saa. Bure.

Akaacha kusukuma, akawasha taa ya simu, akaitazama vizuri. Ilikuwa bado na rangi ya fedha, brashi imeikwangua kidogo tu. Mtu anapakaje rangi mahali ambapo hakuna wa kupaona? Akaikwangua kwa ncha ya kisu. Chini ya rangi hapakuwa na kutu. Palikuwa na kitu cha manjano, kigumu kama ukucha, kimeshika nati na bomba pamoja. Kumbe mafuta hayakuwa na pa kupitia.

Asubuhi mzee alikuwa amemwambia kwamba gari alilinunua nati ikiwa na rangi ile. Fanny akatoka chini, akajifuta mikono polepole.

"Papa Théodore," alisema, "tangu asubuhi unaomba Mungu afungue. Sasa nani alifunga?"

Mzee akaondoa mkono kwenye boneti. "Njo miye," alisema. "Ilikuwa inatoa jasho la mafuta. Nikatia kole, gundi ile ya kuchanganya tube mbili. Kisha nikapaka rangi, juu Joséphine akichungulia asione."

Aimée, aliyeuza chai kando ya gereji, akauliza kama kole hiyo ilibarikiwa kwanza. Mzee akainama.

Fanny hakucheka. Alikuwa mbali, anafikiri. Kutu aliijua, kole hakuijua. Moto hakuutaka karibu na mafuta ya breki. Ndipo akakumbuka sufuria ya nyumbani, ambayo mumewe aliigundisha mkono uliokatika kwa kole kama hiyo, na mkono ukaanguka kwa joto siku ya kwanza ya kupika maharagwe. Akamwomba Aimée birika la maji yanayochemka.

Alizungushia nati kitambaa, akamwaga maji kidogo kidogo. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya tatu kisu kilizama, na kole ikatoka laini kama mkate uliolowa. Papa Théodore alikuwa amepiga magoti ubavuni, akichungulia, akiuliza Fanny atajuaje kama bomba halizunguki. Fanny akavuta kidole chake, akakiweka juu ya bomba.

"Shika hapa. Ikizunguka, sema."

Akakaza unywele mmoja, akalegeza. Akakaza tena. Nati ikasogea.

"Iko imetulia," mzee alinong'ona, kidole kikiwa bado juu ya bomba. "Fanny, tuyo iko imetulia."

Saa nane silinda mpya ilikuwa mahali pake, kila kitu kimefutwa kikakauka. Mzee akakanyaga pedali huku Fanny akitoa hewa kwenye breki, hadi pedali ikawa ngumu. Kisha Fanny akazunguka upande wa kushoto, akainama. Rangi ya fedha.

"Na hapa?"

"Pale haikutoa jasho," mzee alisema. "Nilitia tu juu zifanane."

Fanny akamweleza kwamba mahali penye kole panaficha jasho, na barabara ya Mahagi si ya kujaribia. Akamwambia ampigie mkewe simu, amjulishe kuwa kesho alfajiri wataondoka, na amweleze kwa nini leo atachelewa kurudi nyumbani.

Mzee akabonyeza namba. "Joséphine," alisema, "tutafika. Lakini kuko kitu nilikuficha."

Fanny hakungoja kusikia. Alikwisha kuingia chini ya gari, akiigonga kole ya kushoto kwa ukucha. Huku ilikuwa nene zaidi. Alijiuliza itataka maji mara ngapi.