Adabu za Ukwe na Harufu ya Petroli

Mama mkwe aliinusa petroli tangu saa nne asubuhi, akanyamaza. Gari la mkwe haliambiwi linanuka. Akageukia dirishani, akawasifia ng'ombe wa watu.

Walikuwa nchi ya ugenini, alikokwenda mama mkwe kumtembelea mwanawe mkubwa, na mkwe alikuwa anamrudisha nyumbani mbiombio. Binti yake, mke wa huyo mkwe, alikuwa hospitali. Kesho alfajiri angepasuliwa kutolewa mtoto aliyekaa vibaya, na alishaapa haingii chumba cha upasuaji hadi amwone mama. Geti la mpaka hufungwa saa kumi na mbili jioni, na likifungwa limefungwa, hata uzimie mbele yake.

Saa kumi na nusu gari likakohoa mara mbili, likazimika. Zimebaki kilomita sitini.

Mkwe alichungulia uvunguni, akatoka na uso wa majivu. "Tangi lina ufa, mama. Petroli yote imemwagika njiani, na hiyo iliyobaki inachuruzika."

"Si una dumu la akiba?"

"Ninalo. Lakini si nitakuwa namimina kwenye pakacha?"

"Na hiyo harufu hukuisikia, baba?"

Mkwe akatazama viatu vyake. "Niliisikia. Nikadhani ni yale mafuta ya taa unayojipaka magotini."

Mama mkwe akayafunika magoti kwa kanga, na hapo lori likasimama nyuma yao. Dereva akashuka anacheka, sigara inawaka mdomoni.

"Zima! Zima!" mkwe akapiga kelele, mikono juu. Dereva, asiyejua neno la Kiswahili, akaona amepokewa kwa shangwe; naye akapunga mkono, akaongeza mwendo. Hatua kumi. Hatua sita. Kidimbwi cha petroli chini ya gari kilikuwa kinang'aa juani.

Magoti ya mama mkwe hayakuwa yamekimbia tangu harusi ya huyo binti. Siku hiyo yalikimbia. Akamchomoa mtu mzima sigara mdomoni, akaitosa kwenye chupa yake ya chai.

Dereva akavuta pumzi puani, akaisikia petroli. Mikono ikamwendea kichwani.

Mama mkwe alikuwa ameshafungua furushi lake, akatoa mche wa sabuni ya kufulia.

"Asubuhi uliniambia niuache, eti nyumbani sabuni zipo. Marehemu baba mkwe wako aliendesha lori miaka ishirini. Unadhani mche huu ulikuwa wa nguo tu?"

Dereva alipoiona sabuni akacheka; hapo hapakuhitaji mkalimani. Akaingia uvunguni mwenyewe, akausugua mche kwenye ufa hadi ufa ukaziba. Mkwe akamimina dumu, wote watatu wakainama kutazama. Halikutoka hata tone.

Walifika mpakani askari wa upande wa nyumbani ameshalishika geti alifunge. Akazunguka gari, akakunja pua.

"Mama, gari lenu linanuka petroli."

"Tunajua, mwanangu," akajibu mama mkwe. "Tumeshaambiana. Fungua."