Bibi Harusi Kwenye Chaji

Jamani, harusi ya Asteria nusura iishie barabarani, pale njia panda ya Mwadui, na kosa ni la mashangazi!

Gari lilikuwa la umeme, la Zahid, rafiki wa bwana harusi, na asubuhi pale Geita lilikuwa limejaa chaji. Lakini mashangazi wakataka lizungushwe kwanza mtaa kwa mtaa, honi juu, muziki juu, kiyoyozi juu, ili kila aliyesema Asteria haolewi aone kwa macho yake.

"Shangazi, chaji," Zahid akawa analalamika.

"Piga honi, baba," Shangazi Apolonia akawa anamjibu.

Sasa wako Mwadui, chaji imebaki asilimia nne, kanisa liko Mhunze, na padri ameshasema hasubiri mtu, ana ubatizo kijiji kingine. Asteria akahisi gauni linambana mbavu.

Kituo kipya cha kuchajia magari kilikuwa palepale, kinang'aa, na mahema, spika na wacheza ngoma. Ila mlangoni kuna utepe mwekundu, na mbele ya utepe kasimama msimamizi, Magesa, suti imelowa jasho.

"Hachaji mtu hapa mpaka mgeni rasmi akate utepe."

"Yuko wapi?" Zahid akauliza.

"Yuko njiani."

Wote wakanywea. Mgeni rasmi akiwa njiani, kila mtu anajua maana yake.

Asteria akashusha kioo. "Kaka yangu, naolewa leo!"

"Hongera, dada. Lakini kibarua changu je?"

Asteria akatupa macho huku na huku. Kituo kizima, gari la umeme hata moja hakuna! "Kwani huyo mgeni mtamwonyesha gari gani likichajiwa?"

Magesa akajifuta uso. "Letu limezima njiani. Chaji imeisha."

Shangazi Apolonia akacheka mpaka kilemba kikamvuka. "Na ninyi mlizungusha?"

"Basi sikia, kaka," Asteria akasema. "Chomeka sasa hivi, mgeni akute gari linachajiwa, tena lina maua. Au sisi twende zetu, wewe umwonyeshe utepe."

Magesa akaangalia barabara. Akaangalia gari. Kisha akaunyanyua utepe juu kwa mikono miwili. "Piteni! Piteni haraka!"

Waya ukachomekwa, namba za chaji zikaanza kupanda, na wacheza ngoma waliokuwa wamechoka kukaa wakashindwa kujizuia. Mashangazi wakaingia uwanjani. Asteria naye huyo, viatu mkononi, anacheza kwa furaha na kwa wasiwasi, jicho moja liko kwenye namba.

Ghafla, ving'ora! Mgeni rasmi kashuka, kakuta bibi harusi kwenye vumbi. Magesa akaganda.

"Shikamoo, baba," Asteria akapiga goti. "Chaji imeshatosha, na padri ananisubiri."

Mzee akatazama hotuba yake, kurasa kibao, akaikunja akaitia mfukoni. "Marahaba, mwanangu. Mkasi uko wapi? Kituo kimefunguliwa. Kaolewe!"

"Wabeja sana, bhabha!" Shangazi akashukuru kwa Kisukuma, akapiga kigelegele mpaka spika ikakoroma.

Mhunze, Boaz bwana harusi alikuwa ameegemea mlango wa kanisa, kaipa barabara mgongo, anambembeleza padri. "Baba, nakuomba dakika mbili tu. Nitasikia gari likija."

Padri akainua macho. Alikuwa anatazama nyuma ya Boaz, anatabasamu.

"Utasikia nini wewe, gari la umeme halingurumi?" Asteria akamgusa bega. "Nimeshafika!"