Kusoma Mara Tatu

Kwa miaka ishirini na sita ya kuuza maziwa, Mama Maziwa alijua kitu kimoja kuliko watu wote wa mtaani kwake, nacho ni maziwa. Mchuuzi alipomletea dumu, hakumuuliza maswali. Alichovya kijiti, akadondosha tone moja kwenye ukucha wa dole gumba, akakiinamisha kidole. Tone likikaa, hayo ni maziwa. Likiteleza, mchuuzi alirudi alikotoka na maji yake, akisindikizwa na maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Sasa mama huyo, na ukucha wake huo, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwenda ugenini kumlea mjukuu wake wa pekee, na mjukuu mwenyewe mwili wake unakataa maziwa. Si kwamba hayapendi. Akionja kidogo tu uso unamvimba, koo linambana, pumzi anaitafuta. Bintiye, ambaye ni muuguzi wa hospitali huko huko, alimweleza hayo kwa simu mara nyingi, na kila mara Mama Maziwa aliitikia "Mungu wangu!" huku moyoni akisema wasomi nao kwa kutia chumvi hawajambo.

Mjukuu alikuwa msichana wa miaka saba, mwembamba, mwenye pengo mbele. Wiki ya kwanza haijaisha bibi akamwita Karani, kwa sababu hakuweka kitu mdomoni kabla hajapitia maandishi yake.

Jumamosi ya wiki hiyo walikwenda watatu supamaketi. Maduka makubwa Mama Maziwa alishayaona, hayakumtisha. Kilichomshangaza ni maneno. Kila kitu mle ndani kiliandikwa. Mchele umeandikwa, chumvi imeandikwa, hata maji yana maelezo marefu kama mashtaka ya mahakamani. Na kila kitu kimefungwa. Yeye unga anaujua kwa kutia mkono ndani ya gunia, kuufikicha na kuunusa. Akachukua pakiti ya unga, akatazama kushoto na kulia, akatoboa kona kwa ukucha na kuingiza pua. Alipoinua uso, pua nyeupe, mfanyakazi wa duka alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama!" Binti alikuja mbio. "Hapa hawafungui."

"Sasa nitajuaje kama haujavunda?"

"Unasoma."

"Nisome unga?"

Binti aliomba radhi kwa lugha ya watu, akautia ule unga kwenye kikapu, na mfanyakazi akaondoka akiuma mdomo asicheke. Karani akamshika bibi yake mkono na kumpeleka kwenye rafu ya biskuti.

"Njoo nikufundishe. Sisi tunasoma mara tatu. Hapa dukani, tukifika nyumbani, halafu kabla ya kula."

"Kwani maneno yanabadilika njiani?"

"Hayabadiliki. Sisi ndio tunasahau." Aligeuza pakiti, akaweka kidole. "Ona hizi herufi ndogo, ni vitu vilivyomo. Hizi nene, zilizokolea, ndizo za watu kama mimi. Maziwa, mayai, karanga. Lazima waandike nene, ni sheria."

"Nani aliwaambia habari zako?"

Karani aliinua mabega. "Wanajua tupo."

Mama Maziwa alibaki na ile pakiti mkononi. Mahali fulani, kwenye kiwanda asichokijua, watu ambao hatawasalimia maishani mwake walisita juu ya biskuti zao wakamfikiria mtoto huyu mwenye pengo, kisha wakakiri kwa maandishi kila walichotia. Yeye miaka ishirini na sita alimimina maziwa kwenye vyombo vya watu, na hata siku moja hakuuliza nani atayanywa. Alisoma neno lile nene la maziwa mara mbili, tatu, mpaka akalikariri, na tangu hapo kila alipolikuta alilitambua.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo, lakini Mama Maziwa alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na rafu iliyofuata ilikuwa ya vyakula vya kilimo hai. Kila pakiti ilikuwa na alama ya jani la kijani.

"Hivi havijatiwa dawa," binti alimweleza. "Hakuna sumu shambani, wala mifugo hailishwi madawa."

"Ahaa!" Macho yalimng'aa. "Kumbe! Basi ugonjwa wa huyu mtoto ni madawa. Kwetu nani aliwahi kudhuriwa na maziwa?"

"Mama, nisikilize. Jani linasema chakula kimetoka shamba la namna gani. Halisemi ndani mna nini. Maziwa ni maziwa."

"Nimekusikia," alisema Mama Maziwa. Kusikia alisikia kweli.

Jumatano iliyofuata binti alikuwa zamu ya mchana na Karani yuko shule. Mama Maziwa alifunga kilemba chake, akatembea hadi duka dogo la kilimo hai lililokuwa kwenye kona, ambalo alikuwa akilipigia jicho kila siku. Alipoingia tu, harufu ya udongo ikampokea. Karoti zilikuwa na matope yake. Mboga za majani zilikuwa na matundu ya wadudu, naye akayagusa matundu hayo kwa furaha, maana kama mdudu amekula akaenda zake salama, na binadamu atakula. Tangu atue ugenini alikuwa hajashika kitu chenye udongo. Akageuka, maana aliona aibu kulia mbele ya karoti.

Kisha akayaona maziwa. Chupa ya kioo, imejaa hadi shingoni, mafuta yameelea juu kidole kizima. Kwenye lebo kulikuwa na jani, na picha ya mama wa makamo amesimama na ng'ombe, na chini ya picha majina mawili. Muuza duka alipomwona ameduwaa, alimwonyesha kwa kidole. Jina la kwanza la mfugaji. La pili la ng'ombe.

Jina la ng'ombe! Mama Maziwa alitoka na chupa ile ameikumbatia. Aliketi kwenye benchi la barabarani, akafungua kifuniko, akadondosha tone kwenye ukucha na kuinamisha kidole. Tone lilikaa. Akainamisha zaidi, likakaa. Akageuza kidole karibu kichwa chini, nalo liko pale pale, jeupe, mviringo, limetulia. Watu walipita wakamwona mama mtu mzima anacheka na kidole chake. Katika maisha yake yote hakuwahi kushika maziwa kama yale, na moyo wake ukamwambia kwamba kitu kizuri kiasi hiki hakiwezi kumdhuru mtoto. Leo mjukuu wake atapona, na binti atafunguka macho. Nia yake ilikuwa safi kabisa, na ndiyo maana hakuna kilichomzuia.

Saa tisa alimchukua Karani shuleni. Nyumbani mtoto alitandaza daftari mezani, na bibi, jikoni, akamimina kikombe. Nyumba ile ilikuwa na kinywaji cheupe cha shayiri alichozoea Karani kila alasiri, na kwa rangi huwezi kutofautisha.

"Umesoma, bibi?" Karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimesoma."

Na alikuwa amesoma. Alisoma jani, akasoma majina mawili, hata neno lile nene alilisoma. Ndani ya jibu hilo la kweli uongo wote ulienea.

Karani akaweka kalamu chini, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Mama Maziwa alipomtazama vizuri. Mtoto huyu wiki iliyopita alikataa keki ya mwenzake darasani kwa sababu mwalimu hakuwa na karatasi yake. Hupitia mkate wa mama yake mzazi. Hata dawa ya meno huisoma. Leo hakuomba chupa, hakuuliza mara ya pili. Bibi amesema amesoma, basi yamekwisha. Mama Maziwa alijiona yeye mwenyewe amebebwa kwenye vile vidole vidogo, na hofu ambayo hajawahi kuijua ikampiga kifuani.

"Acha!"

Alikipiga kikombe. Kikaruka, maziwa yakamwagika juu ya daftari, mengine yakamrukia mtoto mkononi. Karani alitazama mkono wake. Bibi naye alitazama. Pale lilipotua tone, ngozi ilianza kuwa nyekundu, kisha ikainuka taratibu, uvimbe mviringo kama wa kuumwa na siafu, halafu wa pili kando yake, halafu wa tatu. Tone lile lile la ajabu, kutoka kwa ng'ombe mwenye jina lake.

"Ni maziwa," Karani alisema polepole. Alishuka kitini, akaenda kwenye sinki, akanawa kwa sabuni hadi kiwiko. Sauti yake ilitetemeka, lakini alijua kila hatua. "Mpigie mama. Na wewe unawe. Usiniguse kwanza."

Binti alipokea mara ya kwanza.

"Amemeza?"

"Hajameza. Yamemrukia mkononi."

"Una uhakika? Midomo yake ikoje? Anapumua vizuri?"

"Anapumua. Midomo iko sawa. Mwanangu, nimefanya..."

"Baadaye, mama. Mpe dawa ya chupa ya kahawia, kijiko kimoja, iko juu ya friji. Weka sindano ya dharura mezani. Usiondoe macho kwake. Akikohoa tu, piga namba ya ambulensi iliyobandikwa mlangoni. Nakuja."

Nusu saa ile Mama Maziwa aliketi mbele ya mjukuu wake akimhesabia pumzi. Hajawahi kutazama kitu kwa umakini namna ile, si maziwa, si mtu. Kifua kinapanda, kinashuka. Alistaajabu kwamba miaka saba kifua kidogo hivi kimekuwa kikivuka kila siku katikati ya biskuti na mikate na keki za watu, kwa kusoma tu.

Binti aliingia na sare zake za kazi, akampima mtoto, akamsikiliza mgongoni, kisha akaketi sakafuni hapo hapo jikoni. Mama Maziwa alisema yote mwenyewe. Hakuficha ukucha, hakuficha benchi.

"Nilitaka kukuonyesha," alimalizia.

"Ulitaka kunionyesha." Binti hakupandisha sauti. "Mama, akiwa na miaka miwili alibadilika rangi mikononi mwangu. Mimi muuguzi. Nilisahau kila kitu ninachokijua, nikabaki kumwita jina tu. Kwenye simu sikukwambia hilo, sikuweza."

Mama Maziwa alijifunika uso kwa kanga yake. Karani, aliyekuwa akiwasikiliza wote wawili, akasogea.

"Bibi, ulisema umesoma."

"Nilisema."

"Sasa nisikuamini tena?"

Binti alifungua mdomo ajibu, bibi akamzuia kwa mkono. Kulikuwa na maneno mengi matamu ya kumwambia mtoto, na wote watatu walitamani ayaseme.

"Usiniamini, mjukuu wangu," alisema. "Mtu akikuambia amesoma, chukua usome mwenyewe."

"Hata wewe?"

"Mimi wa kwanza."

Karani akaenda kulia begani kwa mama yake, si kwa bibi.

Asubuhi Mama Maziwa aliamka mapema, akapaka mkate jamu, akaweka sahani mezani. Kando ya sahani akaweka pakiti ya mkate na chupa ya jamu, maandishi yakiangalia kiti cha mtoto. Kisha akarudi nyuma, akasimama karibu na jiko, mikono ameifumbata.

Karani aliketi. Hakumuuliza kitu. Alivuta pakiti, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza, neno baada ya neno, hadi mwisho. Akachukua chupa ya jamu. Binti alikuwa mlangoni na funguo mkononi, amechelewa, naye hakumharakisha. Mama Maziwa alifuata kidole kile mstari kwa mstari.

"Sawa," alisema Karani, akauma mkate.