Ujumbe ni wa Mwenyewe

Miaka hiyo ya tisini, mtu wa Shauri Moyo kupata simu ndani ya nyumba yake ilikuwa ni kusubiri mpaka nywele zigeuke rangi. Basi nusu ya mtaa ilikuwa na nambari moja tu ya kuwapa jamaa zao, nayo ni ya Bi Lela. Marehemu mumewe, Saad, alikuwa fundi wa simu, na alipofariki alimwachia duka la uzi, zipu na vifungo, pamoja na simu nyeusi ya kuzungusha iliyokaa juu ya kaunta kama paka aliyeshiba.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Simu ikilia, Bi Lela huvaa miwani, huvuta daftari la shule na kuuliza: jina lako nani, wamtaka nani, nimwambie nini. Kila ujumbe hupewa ukurasa wake. Mwenyewe akipita, huchaniwa ukurasa wake akaenda nao, na daftari likazidi kukonda. Ujumbe ni wa mwenyewe, Saad alikuwa akimwambia, sisi tumeshikilia tu.

Kuandika Bi Lela aliweza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo, lakini habari ikimwingia haikai; lazima itoke, na ikitoka hutoka kwa sauti. Mwaka uliotangulia alisimama mlangoni akamwita Adoyo, muuza samaki wa ng'ambo ya barabara, akamtangazia mbele ya wateja kwamba yule bwana wa Mumias amesema harusi haipo tena. Adoyo hakufungua meza yake siku tatu. Bi Lela alimpelekea biriani akamwomba radhi, akasamehewa, lakini tangu hapo watu waliitumia simu yake kwa kukosa njia nyingine. Yeye alilijua hilo, na lilimuuma.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na sita, alipiga Muoki. Huyu alikuwa mchongaji wa vinyago, na dada yake, Kamene, mwalimu wa nasari kule Kariobangi, alikaa nyumba ya tatu kutoka dukani. Wiki mbili nyuma ilitoka amri kwamba vibanda vya wachongaji vilivyo kando ya barabara vivunjwe. Muoki akawakusanya wenzake, akapanda juu ya gogo la mpingo, akasema yaliyomjaa moyoni. Hakuwa na kibali cha mkutano, na siku zile hilo peke yake lilitosha kumweka mtu ndani. Polisi walipoanza kuulizia jina lake, akatoweka.

Mtu mwingine angesema, "Mwambie Kamene niko salama," akakata. Lakini Muoki alilelewa Ukambani, na mama aliyemfundisha kwamba salamu isiyosema umelala kwa nani si salamu. Kwa hiyo alianza mwanzo: yuko Masii kwa shangazi Mukai, shangazi anasalimu, mguu wake umepata nafuu, ng'ombe amezaa, na Kamene amletee nguo Jumamosi. Naye Bi Lela, mkono umeshazoea, aliandika yote, hata ng'ombe hakumwacha. Alipoweka simu chini ndipo alipoyasoma aliyoandika, akalisukuma daftari chini ya sanduku la vifungo.

Kamene hurudi jioni. Polisi hawakungoja jioni.

Waliingia saa tano, wawili, askari kanzu. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye sauti ya upole. Mwenzake alikuwa mfupi, amevaa koti la ngozi.

"Habari ya kazi, mama," alisema yule mrefu. "Sisi ni polisi."

"Njema, baba. Karibuni, benchi hilo hapo."

"Hatukai. Tumeskia wewe ndio unaandikia watu message hapa. Hiyo kitabu tunaitaka."

"Mwaitakia nini?"

"Kuna kijana anaitwa Muoki," alidakia yule mfupi. "Dada yake anatumia simu yako. Leta tu, mama, usitusumbue. Dakika mbili tumeenda."

Bi Lela aliogopa. Akashika ukingo wa kaunta. Daftari lilikuwa pale pale chini ya sanduku la vifungo, na nusu ya roho yake ilitaka kulitoa, watu hawa wamwondokee, apumue. Nusu ya pili ilimkumbuka Nyamai.

Nyamai alikuwa karani wa mahakama, mteja wake wa miaka mingi, na kila akija kununua kifungo alikaa saa nzima akisimulia kesi. Alikuwa amemwambia mara kumi kwamba polisi akitaka kupekua kwako anapaswa kuja na karatasi iliyotiwa sahihi na hakimu, na karatasi hiyo itaje anachokitafuta. Akisema ana haraka na hawezi kungoja hakimu, basi na aandike sababu ya haraka yake. Bi Lela alikuwa akimsikiliza kwa sikio moja tu, huku akipima lastiki. Leo sikio hilo moja lilimfaa.

"Mna karatasi ya hakimu?" aliuliza.

Yule mfupi alicheka. "Mama amesoma law! Tukiwa na haraka hatuhitaji karatasi."

Hapo Bi Lela, asijue la kusema, akafanya lile ambalo mikono yake ilizoea kufanya. Alivaa miwani. Alivuta daftari, akafungua ukurasa mweupe, akaandika tarehe na saa.

"Jina lako nani, baba?"

"La nini?"

"Kila anayeleta neno hapa naandika jina lake. Nimeandika, saa tano na robo, maafisa wawili wamekuja bila karatasi ya hakimu kuchukua ujumbe wa watu. Sasa nataka majina, kituo chenu, na haraka yenyewe ni ya nini. Mkitia sahihi hapa chini, daftari hili hapa, chukueni."

Aliigeuza ile kalamu, akamnyooshea yule mrefu. Siku zile polisi ndio waliochukua majina ya watu; kutoa yao lilikuwa jambo geni kabisa. Yule mrefu aliitazama kalamu, akamtazama mama mwenye miwani, akaitazama kalamu tena.

"Tutarudi na hiyo karatasi," alisema mwishowe. "Na hiyo kitabu isipotee."

Walipopinda kona tu, Bi Lela alimpigia Nyamai ofisini, akamweleza walivyokuja.

"Nilichome daftari?" alinong'ona.

"Bi Lela, usithubutu! Ukilichoma utajiingiza wewe mwenyewe. Kila siku unafanyaje?"

"Mwenyewe akija namchania ukurasa wake."

"Basi leo pia fanya hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Kamene alipopita jioni, Bi Lela hakumwita kwa sauti. Alitoka nje ya kaunta, akamshika mkono, akamtia ule ukurasa kiganjani bila neno. Kamene alisoma amesimama. Alipofika kwenye ng'ombe alicheka, kisha akalia.

"Huyu mtu atatuua na salamu zake," alisema. "Bi Lela, kule hakuna simu. Siwezi kumwambia ahame mpaka niende mwenyewe Jumamosi. Na ni wewe tu na mimi tunajua."

Akamtazama Bi Lela usoni. Hakulitaja jina la Adoyo, lakini lilikuwa pale baina yao, na Bi Lela aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Jumatano walirudi, na karatasi wanayo, yenye mhuri. Bi Lela aliisoma neno kwa neno. Jina la yule mrefu lilikuwa limeandikwa, Sajini Aloo, na kitu kilichotafutwa kilikuwa daftari moja la ujumbe wa simu. Akalitoa, akawapa. Ndani mlikuwa na kurasa tatu zenye maandishi: Magan aambiwe mzigo wake umefika Muthurwa, mama Abrar aambiwe mtoto ametoka hospitali, na ule wa maafisa wawili bila karatasi.

"Ya Muoki iko wapi?" aliuliza yule mfupi.

"Mwenyewe keshachukua."

"Ilisema nini? Si wewe ndio uliandika?"

Masii, Masii, Masii. Neno lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake tangu Jumatatu. Hakuwahi kubeba kitu kizito namna ile. Siku mbili alikuwa akimkwepa Adoyo, akikwepa foleni ya bombani, akila peke yake, kwa kujiogopa tu.

"Karatasi yenu imetaja daftari," alisema. "Daftari mnalo."

"Twende kituoni basi, huko utakumbuka."

"Twendeni. Nifunge duka kwanza."

Walimkalisha kwenye benchi tangu saa nne mpaka alasiri. Walimuuliza kwa upole, wakamuuliza kwa ukali, wakamletea soda. Alikunywa soda, akashukuru, akarudia yale yale: maneno ya watu si yake ya kugawa. Nyamai alipofika na kuuliza mama huyu ameshtakiwa kwa kosa gani, wakamwachia. Njiani alilia kwa kwikwi, kwa sababu hofu iliyokuwa imengoja saa zote zile ilimpata yote kwa pamoja. Nyamai alimbebea mkoba, akawa anatazama upande mwingine.

Kamene alikwenda Masii Jumamosi kama ilivyopangwa. Wiki iliyofuata Muoki alijipeleka kituoni akiwa na wakili, mchana, mbele ya watu, asije akapotezwa gizani, na kesi ikatajwa mara tatu ikafutwa kwa kukosa mashahidi. Vibanda vilivunjwa vyote, na hilo hakuna wakili aliyelizuia.

Kesi ilipokwisha, Sajini Aloo alikuja dukani peke yake. Alikuwa amebeba lile daftari, na alikubali kuketi kwenye benchi.

"Nimerudisha kitabu yako, mama."

"Ahsante, baba. Wataka uzi?"

Hakutaka uzi. Alitazama mlangoni, akaigeuzageuza kofia yake mikononi. Mama yake alikuwa mgonjwa huko nyumbani, alisema, ugonjwa ambao watu wakiusikia wanakimbia. Mama alikuwa akimpigia yeye kituoni, na simu ya kituoni, kabla hajaitwa yeye, imeshasikilizwa na watu watatu.

"Nilikuwa nauliza kama naweza kumpa nambari yako," alisema.

Bi Lela alikumbuka lile benchi la kituoni, akaona hasira ikimpanda kifuani, akaiacha ipande mpaka ikachoka. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Na wenzangu wakikuja kuuliza?" aliuliza Aloo.

"Watakuja na karatasi," alisema Bi Lela. "Na hata wakija nayo, watapata daftari tu."

Aloo aliinamisha kichwa. Kisha, polepole, akaanza kumtajia jina la mama yake.