Sakafu Iliyoliwa na Kuku

Wajukuu, tegueni hiki: nyumba gani hapa Kamina ilikuwa na sakafu ya kuliwa? Msikune vichwa. Ni yetu, mwaka wa 1953, nikiwa na mimba ya baba yenu.

Mama yangu, Tshiela, alituma barua kutoka Kasai: anakuja kunizalisha. Lakini asipopata chumba chenye mlango wake na simenti chini, ananichukua nikazalie kwao. Mimi sikutaka kuzalia mbali na mume wangu. Na desturi yetu mnaijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawasemezani.

Basi babu yenu Nkashama, karani wa mikono laini, akawa mwashi, akaunga chumba ubavuni mwa nyumba. Akabomoa kichuguu, akajaza udongo wake katika chumba hicho kipya, akaukanyaga mara mbili tatu, akamwaga simenti. Akaigandisha na sakafu ya zamani pale mlangoni, ionekane kitu kimoja.

Jirani Kalombo, mwashi wa kweli, akamwambia, "Acha nafasi katikati! Udongo mupya utashuka, sakafu ya zamani itabakia."

"Miye nimesoma," akajibu Nkashama.

Siku ya tisa, ufa. Ulianza ukutani, ukapita mlangoni, ukagusa ukuta wa pili. Akauziba, ukafunguka. Simenti ikaisha, na mama anafika kesho yake. Nkashama akatazama chungu changu. Akachukua bukari, ugali wetu, iliyobaki humo, akaichanganya na majivu, akaishindilia kwa mwiko wangu.

"Unaona, Mbuyi? Rangi iko moja!"

Kweli ilikuwa moja.

Mama akafika na sanduku kichwani na kikapu cha kuku wawili, zawadi yangu. Tangu Kasai hawajala. Nkashama akakimbilia nyuma ya mlango. Mama akasifu kuta, akasifu dirisha, akawafungua kuku.

Yesu wangu! Mmoja akaanzia ukuta huu, mwingine ule. To, to, to, wakafuata ufa mpaka midomo ikagongana katikati.

Mama akainama juu ya ufa. Kusema na mkwe hawezi, akamgeukia kuku. "Weye kuku, uulize mwenye nyumba: huku bantu banapakulia bukari mu sakafu?"

Nyuma ya mlango, sauti ndogo: "Weye kuku, umuombee mama radhi. Umuambie ilikuwa ya mahindi. Nilikosa ya muhogo, ndiyo inashika muzuri."

Mama akauma mdomo azuie kicheko. Hakikuzuilika. Akacheka mpaka akakalia sanduku lake, na kanga ikamlegea kichwani. Mimi nimeshika tumbo, "Mamu, tunarudi Kasai?"

Akainuka, akapitisha kidole cha mguu juu ya ufa.

"Kurudi wapi? Huku kwangu, kule kwake. Miaka yote mi natafuta mukwe mwenye kujua mpaka wake, huyu ameuchora mu simenti! Kuku, umuambie asiuzibe tena."

Akakaa miezi minne. Baba yenu alizaliwa katika chumba hicho. Kila asubuhi Nkashama alileta ndoo ya maji mpaka kwenye ufa, akakohoa, akakimbia.

Na kando ya ndoo aliacha tonge la bukari. Kuku walikuwa wakimngojea hapo, wamejipanga.