Fomu Iliyokunjwa Mara Nne

Mimi nashuku. Nasema mapema ili tusichoshane. Nikinunua kilo ya nyanya, nikifika nyumbani naipima tena. Mume wangu akichelewa kazini sigombani naye; namuuliza tu walikuwa wangapi na nani alifunga mlango. Tabia hiyo ndiyo iliyoniweka miaka kumi na saba kwenye ofisi ya taka bandarini, ghorofa ya pili, muhuri wa idhini ukiwa kwenye droo yangu na ufunguo shingoni.

Muhuri huo si mchezo. Kuna mkataba wa kimataifa unaosema plastiki chafu, zilizochanganyika, hazivuki bahari mpaka nchi inayozipokea ikubali kwa maandishi kabla hazijapakiwa. Hapa kwetu anayekubali ni mimi. Zikija bila idhini ya kweli, aliyezituma anazirudisha kwao kwa gharama yake. Kwa hiyo siku makontena kumi na mawili yalipofunguliwa na harufu ikapanda mpaka dirishani kwangu, nilishuka ngazi nikitabasamu. Nepi zilizotumika, mifuko, chupa za dawa ya kuulia wadudu, vyote vimeshindiliwa marobota.

"Yanarudi yalikotoka," nilimwambia mkaguzi wa yadi.

Akanipa kopi ya fomu ya idhini. Chini kulikuwa na saini yangu na muhuri wangu.

Nikaisoma tena kuanzia juu. Mwenye mzigo yule namjua: yadi yake iko kando ya mlango wa mto, na mwaka jana mvua mbili tu zilitosha kuyasomba marobota yake yote hadi baharini. Ufukwe ulijaa mifuko mpaka watoto wa shule wakapelekwa kuiokota. Sasa angeongezewa makontena kumi na mawili, kwa ruhusa yangu.

Tarehe ya fomu ilikuwa ya wiki ile mama yangu alipolazwa hospitali. Aliyebaki ofisini wiki hiyo alikuwa mmoja tu, msaidizi wangu, mtu mzima mwenye miwani, ambaye tunamwita Bwana Taratibu kwa sababu hata peni haazimi bila kuandika. Mimi mtu msafi kiasi kile namwogopa. Nilianza kumchunguza. Nilipekua kapu lake la taka, nikalinganisha anavyoandika tarakimu ya saba na saba za kwenye fomu, nikaacha kuitikia salamu zake.

"Mama, kama kuna neno, niambie," alisema siku ya tatu.

"Neno utalisema wewe."

Akavua miwani, akaifuta, akarudi kwenye meza yake. Nikajiambia, ona, hata macho hawezi kunitazama.

Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake, akafunga mlango mwenyewe. Hilo nalo sikulipenda.

"Saini ni yako?"

"Inafanana."

"Basi sema uliisoma ukakubali, yaishe. Mzigo utaingia yadini, sisi tutaendelea na kazi. Au sema imeghushiwa, tujue tunamfanya nini aliyebaki ofisini. Kesho asubuhi nataka karatasi yako."

Nilitoka nikiwa nimeshachagua. Imeghushiwa. Bwana Taratibu aende na maji. Nilikuwa nimeandika nusu ukurasa aliponiletea bahasha kubwa.

"Fomu yenyewe imefika, mama. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa kopi tu. Nimeona uiangalie kabla hujaandika."

Nikaitoa. Ilikuwa na mikunjo minne, miwili ya kushuka na miwili ya kukatiza, na mmoja ulipita katikati ya muhuri. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne.

Fomu zetu hazikunjwi. Zinalala kwenye faili zilivyo. Nilizozikunja maishani mwangu ni tatu tu, na nilizikunja mwenyewe.

Mama alipolazwa nilitakiwa nimkabidhi Bwana Taratibu muhuri ili akaimu nafasi yangu. Roho ilikataa. Nilimwona kabisa amekizoea kiti changu. Basi nikasaini fomu tatu tupu, nikazigonga muhuri, nikazikunja, nikazitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi, nikaitumbukiza mkobani. Ikitokea dharura, nitajaza mwenyewe nikiwa wodini. Dharura haikutokea. Niliporudi kazini niliichana ile bahasha vipande vipande bila kuifungua. Mimi, ninayepima nyanya.

Na mkoba ule pale hospitali haukuwa mikononi mwangu. Nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, wakala wa forodha, mtu wa kucheka na kila mtu.

"Shemeji, mkoba wangu kule wodini ulikaa na nani?"

"Na mimi, umesahau? Wewe unakimbizana na madaktari, mimi nimeukumbatia kama mtoto."

"Bahasha uliifungua?"

Kicheko kikakatika. "Shemeji, si zilikuwa zimeshasainiwa? Nilichukua moja tu, nikaifunga bahasha tena kwa gundi. Mzigo ule ndio kazi yangu kubwa ya kwanza. Ningekuomba usingenisaidia?"

"Nisingekusaidia."

"Basi kaka asijue. Nakuomba."

Nilikata simu nikalia pale pale mezani. Nilikuwa nimeshuku dunia nzima, nikamwachia mkoba yule anayenichekesha.

Karatasi ile ya nusu ukurasa niliichana. Nikaandika nyingine: kwamba nilisaini fomu tupu, kwamba moja iliibiwa, na jina la shemeji yangu nililiandika kwa ukamilifu, mstari wa tatu. Mkuu aliisoma mara mbili.

"Unajua hii inakupeleka wapi?"

"Nyumbani, kama si mahakamani. Lakini hiyo idhini ni ya wizi, na makontena yanarudi."

Akanisimamisha kazi papo hapo, na Bwana Taratibu akapewa ukaimu. Barua ya kuitaka nchi iliyotuma mzigo iurudishe aliiandaa yeye, ukurasa mmoja, haina hata nukta iliyopotea. Ilibaki kugongwa muhuri.

Nilivua ufunguo shingoni nikamwekea mezani.

"Nilikudhania mwizi wiki nzima," nikasema. "Nisamehe."

"Nilijua, mama. Kapu langu uliliacha limepinduka." Alisema taratibu, bila kucheka. Akafungua droo, akatoa muhuri, akahesabu fomu zilizobaki moja moja, akaandika idadi, akanipa nisaini. Nikasaini. Nikainuka niondoke.

"Samahani, mama," akasema, na safari hii alinitazama machoni. "Kabla hujatoka. Naomba niukague mkoba."

Nikauweka mezani, nikaufungua zipu mwenyewe.