Jiwe la Mlangoni

Gharibu alikuwa fundi wa mawe tangu ujana wake Kismayu, na kwa miaka thelathini ya ukimbizi Mombasa alitandaza mawe kwenye nyua za watu wasiohesabika. Ua wake mwenyewe ulibaki mchanga mtupu. Majirani walimcheka, naye akacheka nao. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kwake yeye, mtu akishatandaza mawe uani amekubali kwamba harudi kwao.

Kisha masika yalipofika mkewe, Mwanalima, aliteleza kwenye tope akavunjika mkono, na binti yao Fathiya akasema basi, yatosha. Ndiyo maana mzee alijikuta kwa muuza mawe ya Mazeras, amevua makubadhi, akitembea peku juu ya mali ya watu.

"Haya yaliyosuguliwa ndiyo yanayopendwa, mzee wangu," muuzaji alisema.

"Yapendwa na mchu asiyetawadha uani," Gharibu alijibu kwa lahaja ya kwao, ambako mtu ni "mchu". "Yakipata maji, haya ni ya kuvunja wachu viuno."

Alitaka yaliyopasuliwa kwa tindo, yenye uso wa kukwaruza kidogo. Kila moja aliligonga kwa nyundo ndogo. Lililolia alilitenga, lililotoa sauti nzito alilirudisha, maana lina ufa ndani na litabanduka tabaka kwa tabaka. Kisha akayamwagia maji, na rangi ikajitokeza, manjano yenye michirizi ya kahawia. Ndivyo ulivyokuwa ua wao kisiwani Chovae, karibu na Kismayu, ukishamwagiwa maji alasiri, Mwanalima akifagia huku anaimba, samaki wakikaangwa kwa jirani. Aliutamani ua ule mpaka ikamlazimu kukaa chini.

Na ua ule wa Chovae haukuisha, lilibaki jiwe moja. Desturi yao, jiwe la mwisho, la mlangoni, halishikizwi kwa chokaa mpaka mama wa nyumba alikanyage peku. Likitikisika, fundi hulirekebisha. Mama akisema "likele", yaani limekaa, hapo ndipo nyumba inakuwa yake. Mwaka wa tisini na moja wenye bunduki waliingia kisiwani kabla Mwanalima hajalikanyaga. Walikimbia na mtoto na sufuria moja. Tangu hapo, aliyemuuliza Gharibu habari za kwao alijibiwa, "Kuna jiwe langu laningoja."

Gharibu alifanya kazi siku nne. Siku ya tano akaliweka jiwe la mlangoni na kumwita mkewe. Mungu amsamehe, alikuwa amelitilia kokoto chini ya pembe moja makusudi. Litikisike, Mwanalima aseme bado, wabaki wageni japo kidogo zaidi.

Mwanalima alivua viatu, akapanda, mkono wa bandeji kifuani. Jiwe likatikisika, hata Fathiya aliona. Mwanalima akamtazama mumewe.

"Likele," akasema.

"Latikisika, Mama Fathiya."

"Miaka arobaini nimeolewa na fundi, sijui jiwe lililotiliwa kokoto? Itoe. Mimi nimechoka kungoja."

Akashuka. Gharibu akapiga magoti, akainua pembe ya jiwe na kuitoa kokoto. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Alilia mbele ya binti yake bila kujificha, kisha akaomba aletewe simiti.